Muhuri wa Baba Mkwe

Jumatano, 24 Desemba

Leo ni siku ya tisa tangu niwe mke wa Rashwan, na nimeamua kuandika, maana furaha hii nikiiacha moyoni tu itanipasua. Daftari ni lile nililobakiza shule ya biashara. Mistari yake ni ya hesabu, lakini humu haitaingia hesabu. Humu ataingia Rashwan.

Kwetu watu huoana kabla kiwanda cha sukari hakijawasha boila. Kikishawaka, wanaume si wa mtu tena mpaka Mei. Harusi yetu ilikuwa ya saba mwezi huu, wapiga ngoma wamechoka, bendi ilikuja na tarumbeta moja, na mimi niliona kama mbingu nzima imeshuka na vyombo vyake. Leo alfajiri king'ora kimelia, treni ya kwanza ya miwa imeingia, na Rashwan akasimama mlangoni akinitazama kama mtu anayekwenda Hija. Anakwenda hatua mia nne. Nililia hata hivyo.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimefua shuka za harusi, nikazianika darini. Masizi ya bomba la kiwanda yakaziangukia. Nikafua tena, yakaanguka tena. Mama mkwe alinitazama, akaingia ndani. Nadhani hanipendi.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani imeingia. Bibi harusi na bwana harusi kufunga mwezi mzima, Mungu ana mzaha wake. Mchana Rashwan akipita ua anafunika macho kwa kiganja. "Geuka ukutani, wewe mwanamke," ananiambia, "nimefunga."

Niwaandike watu wa nyumba hii, ili siku nikiwa mzee niwakumbuke walivyokuwa. Baba mkwe ni Haji Hasaballah, fundi wa rola, zile nguzo za chuma zinazokamua miwa. Ana miaka thelathini na mitatu kazini na vidole vinane. Akila haongei, akishakula analala. Mama mkwe ni Wasila, anayeongea na kuku kuliko na mimi. Na Rashwan ni mpishi wa sukari, msimu wake wa saba, lakini bado ni kibarua wa msimu. Kila Mei wanamwambia kwa heri, kila Desemba wanamwambia karibu. Ajira ya kudumu anaahidiwa tangu ana miaka ishirini.

Jioni alikuja Mwenyekiti Kenawi, mkuu wa kamati ya chama cha wafanyakazi hapa kiwandani. Ndiye aliyekuwa shahidi wa ndoa yetu. Ana sauti nzuri, na viatu vyake havina vumbi, sijui anapita wapi. Ameniletea kunafa, ile keki tamu ya tambi, ya mjini kwenye boksi. Mtu mwema sana.

Jumanne, 6 Januari

Rashwan amenieleza kazi yake. Sukari ikichemka ndani ya chungu kikubwa kama nyumba, yeye huchota kwa kijiti cha shaba, hupaka tone kwenye kipande cha kioo, hukiinua kwenye mwanga na kusoma punje. Akichelewa dakika, punje zinaota vibaya. Chungu kikiachwa kipoe, sukari inagandana kuwa jiwe na watu wanaingia na nyundo kwa wiki nzima. "Kwa hiyo hata dunia ikiisha," amesema, "sisi tutamaliza chungu kwanza."

Nilimwuliza kama na mimi ananisoma kwa kioo. Akasema mimi bado nachemka. Nimecheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta.

Mama Girgis, jirani yetu Mkopti, ametuletea biskuti, kesho ni Krismasi yao. "Zifiche mpaka magharibi," ameniambia, "nisije nikaandikiwa dhambi zenu na zangu." Mumewe ni Labib, wa mizani ya miwa.

Jumatatu, 12 Januari

Kiwanda kinauzwa. Watu walikuwa wananong'ona tangu kiangazi, leo baada ya futari Mwenyekiti Kenawi amelisema wazi hapa sebuleni. Serikali inataka kumpa mwekezaji, na mwekezaji anataka kiwanda chepesi. Kwa hiyo wazee watastaafu mapema, kwa hiari yao, wapewe kiinua mgongo mkononi, na vijana wapate nafasi zao.

"Mzee anapumzika, kijana anaajiriwa," alisema. "Nani analia hapo?"

Baba mkwe alitafuna tende yake mpaka mwisho. "Nimebakiza miaka mitatu nipate pensheni kamili," alisema. "Nikitoka leo, hiyo ya mkononi itaishia kwenye paa na jino la Wasila. Halafu?"

"Halafu Mungu, Haji."

"Mungu namjua. Nakuuliza wewe."

Sikuelewa kwa nini alikuwa mkali. Mimi moyoni nilikuwa nimeshampa Rashwan hiyo ajira, nimeshanunua pazia.

Alhamisi, 15 Januari

Rashwan ametoka kazini ananukia asali nyeusi ya miwa. Basi.

Jumatatu, 19 Januari

Leo nimekuwa na manufaa. Wazee wengi wa kiwandani hawajui kuandika. Badala ya sahihi kila mmoja ana muhuri wake wa shaba, mdogo kama pipa la mwanasesere, jina lake limechongwa kinyume. Kwa kuwa karatasi za mishahara huja wakati wao wako zamu, mihuri yao huning'inia kwenye misumari ofisini kwa chama, na karani wa chama huwagongea. Imekuwa hivyo tangu enzi za baba zao. Baba mkwe peke yake hataki, wake hukaa kwenye mfuko wa fulana.

Saa nne Mwenyekiti Kenawi alibisha hodi. Baba mkwe alikuwa amelala baada ya zamu, mama mkwe yuko sokoni.

"Bibi harusi, karatasi ya mgao wa Idi inafungwa leo. Unga, samli, kitambaa. Nyumba hii tu ndiyo haijagongwa. Nimwamshe mzee?"

Mzee amekesha na rola, ningemwamshaje? Nikaenda kwenye msumari ilipotundikwa fulana, nikautoa muhuri. Kabla ya adhuhuri Kenawi aliurudisha mwenyewe, pamoja na kilo ya tende. Nimeurudisha mfukoni. Mzee hata hakugeuka ubavu. Natamani siku ya Idi nione uso wa mama mkwe akipokea kitambaa.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Nimeoka kaak, biskuti za Idi, mama mkwe amekula moja na kusema, "Sukari umeiweka." Nahesabu hiyo ni sifa. Unga wa mgao haujaja, wala kitambaa. Rashwan amenipa hereni. Sitaandika mengine ya leo, mama yangu anaweza kulisoma daftari hili.

Jumanne, 3 Februari

Wamebandika orodha ukutani, mlango wa kiwanda. Majina mia moja na kumi na mawili ya walioomba kustaafu mapema kwa hiari. Jina la kumi na nne ni Hasaballah, na muhuri wake chini, uso wake hasa, na tarehe: 19 Januari.

Baba mkwe aliingia na kofia mkononi. Hakupaza sauti. Alimwita Rashwan, wakasimama uani.

"Nani anajua muhuri wangu unapolala?"

"Sisi wote, baba."

"Na nani ameahidiwa nafasi yangu?"

Mzee alimtazama kama anavyotazama chuma kilichopasuka.

"Ungeniomba," alisema. "Ningekupa jicho. Ungeniomba tu."

Mimi nilikuwa dirishani na kijiko mkononi. Sikusema.

Jumatano, 4 Februari

Nimekaa siku nzima na jambo hili na sasa nimelisema, ndiyo maana naweza kuandika.

Jana mume wangu alilala chini, kwenye mkeka, kwa sababu aliona haya kulala kwenye kitanda alichonunua baba yake. Hakujitetea. Nilimwuliza kwa nini hakujitetea, akasema, "Atakuwa ameumizwa na mtu. Afadhali adhani ni mimi, mimi anaweza kunisamehe." Ee Mola, nimeolewa na mtu wa namna gani. Na mimi bado sikusema, nililala kitandani kama gogo.

Asubuhi mama mkwe alikuwa anapanga sinia za udongo juani kwa ajili ya mkate. Nilianza kumsaidia, donge la unga likanianguka mavumbini. Nikasema, "Mama, ni mimi." Nikaeleza yote, mgao, tende, fulana, msumari. Nilingoja anipige. Alichukua donge, akalipangusa, akampa kuku.

"Ulizila zile tende?" aliniuliza.

"Tulizila wote, mama. Hata wewe."

"Nilizila," alisema. "Nilisema ni tamu." Akakaa chini ghafla. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mimi nilipoletwa nyumba hii, wiki ya pili, nilimuuza mbuzi wa mama mkwe wangu kwa mtu aliyesema katumwa. Mbuzi na mwanawe. Sijamwambia mtu tangu siku ile. Nawe usikae hivyo. Inuka, twende kwa mzee."

Tulimkuta anavaa viatu. Nilisema nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza saa ngapi, Kenawi alisimama wapi, alitamka maneno gani. Nikamwambia kila neno.

"Rashwan yuko wapi?"

Alikuwa zamu. Mzee akatoka na kiatu kimoja hakijafungwa, hatua mia nne, akamkuta kwenye chungu. Rashwan ameniambia baadaye. Baba yake alisimama nyuma yake mpaka kioo kilipokuwa kimesomwa. Kisha akamshika sikio, kama mtoto, akalivuta, akaliachia, akaondoka. Wapishi wote waliona. Kwa hapa kwetu huko ni kuombwa radhi.

Mimi hakunishika sikio. Jioni alisema tu, "Maji," nikampa, akayanywa.

Alhamisi, 5 Februari

Kumbe karibu wote mia na kumi na wawili wamegongewa ofisini kwa chama. Mihuri yao ilikuwa kwenye misumari, mkono wa karani ukanyooka. Hakuna aliyeona, hakuna wa kumshitaki. Wakienda kulalamika wanaambiwa, muhuri si wako? Ni wangu. Basi.

Wanawake tulikwenda ofisini, mama mkwe mbele. Kenawi alitoka akitabasamu.

"Mama Rashwan, karibuni chai."

"Chai yako ina tende?"

Misumari ilikuwa mitupu. Alisema mihuri imepelekwa mkoani kwa uhakiki. Mama Girgis akamwambia, "Basi na wewe jipeleke ukahakikiwe." Wanawake walicheka mpaka mlinzi akageuza uso. Lakini tumerudi mikono mitupu, na majina yatapitishwa msimu ukiisha.

Jumanne, 10 Februari

Wafanyakazi wameamua. Walikutana kwenye lango wakati wa kubadilishana zamu, elfu na zaidi. Kijana mmoja alipiga kelele tuzime boila. Baba mkwe, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, alipanda kwenye behewa la miwa.

"Uzime boila uue muwa wa nani? Muwa uliokatwa ukilala siku tatu umekuwa kuni. Ni wa binamu yako huyo, mkopo wake uko ndani ya huo muwa. Na chungu kikiganda, nani atakivunja, mwekezaji? Tutakamua. Tutapika. Hakuna gurudumu litakalosimama. Lakini sukari haitoki nje ya lango hili, hata kijiko, mpaka ile orodha ifutwe na kila mtu apewe muhuri wake mkononi."

Nilikuwa nimepanda juu ya tofali nimwone Rashwan. Nimemwona. Alikuwa anamtazama baba yake kama mimi ninavyomtazama yeye.

Ijumaa, 13 Februari

Malori ishirini yalikuja kupakia, yakarudi matupu. Ghala limejaa.

Jumatano, 18 Februari

Magunia ya sukari yamefurika ghalani, yamefika karakana. Mabomba yanatoa moshi kama kawaida, masizi yananyesha kama kawaida. Nimeacha kufua shuka, nimezizoea za kijivu.

Jumapili, 22 Februari

Magunia yamefika mlango wa zahanati. Kenawi amemwita Rashwan pembeni na kumwonyesha barua ya ajira ya kudumu, imepigwa chapa, imesainiwa na mkurugenzi. Anachotakiwa ni kumtuliza mzee tu.

Niseme ukweli, hili daftari langu. Nilipoisikia moyo wangu uliruka kama samaki. Ajira ya kudumu ni bima, ni daktari, ni mume anayebaki na kazi Juni, Julai, Agosti. Nilimwuliza, "Ukamjibuje?"

"Nilimwambia mke wangu ndiye msomi, niende nikamwulize."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Sema neno, Rawiya. Nimechoka kuishi mwaka mzima kwa pesa ya miezi mitano."

Alikuwa amekaa kizingitini, jua la saa tisa liko kwenye kope zake, kope zina punje za sukari. Ningemtazama mwaka mzima. Nikamwambia, "Ningependa hiyo barua. Ningeifremu. Lakini ukiichukua, sitaweza kumpa baba yako maji." Akasema, "Vizuri, kwa sababu nimeshamrudishia Kenawi."

Nimempiga na mto.

Jumanne, 3 Machi

Mishahara ya Februari haikutoka. Wakulima wa miwa wameleta maharage magunia manne na vitunguu. Askari wamepaki magari mawili ng'ambo ya reli, wanakunywa chai kwetu. Mmoja ni mpwa wa Labib wa mizani, anaona haya kila tukimsalimia.

Alhamisi, 5 Machi

Unga umepungua. Tunaoka kila baada ya siku mbili. Magunia ya sukari yamefika ukuta wa msikiti.

Jumanne, 17 Machi

Nina shule. Wazee wanataka kupeleka Ofisi ya Kazi ya mkoa barua ya kukana orodha, na barua inataka sahihi ya mkono wa kila mtu, na mihuri iko kwa Kenawi. Kidole gumba wamekataa. Baba mkwe kasema, "Kidole kinaweza kushikwa kikagongeshwa nimelala." Aliposema hivyo hakunitazama, lakini masikio yalinichoma.

Kwa hiyo kila alasiri wanakuja uani kumi kumi, wanajifunza kuandika majina yao kwa herufi za Kiarabu. Ubao hatuna. Tunaandika kwa chaki kwenye sinia za udongo za mkate, maana ziko tupu. Wanaume waliofunga na kufungua mashine nzito maishani mwao wanavunja chaki kama biskuti.

"Mwalimu, jina langu refu, naweza kuchukua la ndugu yangu?"

"Nyamaza Bakhit, wewe una herufi nne tu unalia."

Baba mkwe ndiye mzito kuliko wote. Vidole viwili alivyopoteza ni vya mkono wa kulia, anashika chaki kama mtu ameshika nge. Masomoni hafiki na wenzake. Anakuja peke yake baada ya wao kuondoka, anakaa, anasema, "Haya." Wiki mbili zilizopita alikuwa ananiambia maji tu. Sasa ananiambia haya na maji.

Jumapili, 29 Machi

Barua imekwenda. Mikono mia moja na saba. Watano wamechukua kiinua mgongo, sitawaandika majina, mmoja wao ana mtoto mgonjwa.

Jumanne, 7 Aprili

Idi ya kuchinja. Wakulima wametuma ndama mmoja kwa mtaa mzima. Kila nyumba imepata nyama ya kutia kiganjani, na mama mkwe akaikata vipande vidogo hivi kwamba ilionekana nyingi. Ameniwekea mimi kipande cha mafuta. Sidhani tena kwamba hanipendi. Nadhani hajui pa kuuweka upendo, anauweka kwenye sahani.

Jumanne, 14 Aprili

Khamasini, ule upepo wa jangwani, umevuma tangu asubuhi, mbingu ya njano, mchanga kwenye meno. Siku mbaya kuliko zote, na ndiyo siku waliyokuja watu wa Ofisi ya Kazi.

Walikaa kwenye kantini ya kiwanda, afisa mmoja mwanamume mwenye miwani, mmoja mwanamke anayeandika. Kenawi kando yao na boksi la mihuri. Wazee wamejipanga, sisi wanawake nje dirishani tukiwa tumefunga vitambaa puani. Afisa alichukua jina moja moja.

"Muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Uligonga wewe?"

"Hapana, bwana."

"Nani aligonga?"

"Sijui. Ulikuwa msumarini."

Hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Sijui, msumarini. Sijui, msumarini. Nilimwona afisa anavua miwani, anapangusa vumbi, anachoka. Kenawi akainama kwake. "Unaona, mheshimiwa. Waligonga, sasa wamejuta. Binadamu hujuta. Na hizo sahihi za barua wamefundishwa juzi, hawajui hata wanachosaini."

Ndipo likaitwa jina la kumi na nne. Baba mkwe alisema, "Mimi muhuri wangu haukai msumarini kwao. Unakaa kwangu."

"Basi nani aliutoa?"

Akanyamaza. Nilijua kwa nini. Angesema ni mke wa mwanangu, nyumba yake ingekuwa gumzo mpaka Aswan: bibi harusi wa mwezi mmoja, mikono kwenye fulana ya baba mkwe, anagawa muhuri wa mzee kwa wanaume mlangoni. Alikuwa tayari kupoteza miaka thelathini na mitatu asilitamke. Alisimama pale na kofia yake, na afisa akaanza kufunua ukurasa.

Mama mkwe alikuwa ameshika mkono wangu. Nilidhani ananizuia. Alinisukuma.

Niliingia. Sijawahi kuwa ndani ya chumba chenye wanaume wengi hivyo, hata harusini kwangu. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeutoa, bwana. Naitwa Rawiya, mke wa Rashwan Hasaballah. Tarehe kumi na tisa Januari, saa nne asubuhi." Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini haikukatika. Nikaeleza alivyosema mgao wa Idi, unga, samli, kitambaa. Nikaeleza baba mkwe alikuwa amelala. Nikamwambia aandike na tende pia.

"Mama, unajua unachokisema kinakuaibisha wewe?" afisa aliniuliza.

"Najua. Ndiyo sababu mnaweza kuniamini."

Yule mwanamke aliacha kuandika, akainua uso. Akamgeukia Kenawi. "Huo mgao wa Idi uligawiwa lini?"

Kenawi alisema ulicheleweshwa.

"Karatasi yake iko wapi?"

Alisema ataitafuta. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Yule mwanamke akasema, tena kwa upole kabisa, "Tutakungoja." Na wakamngoja. Alikaa kwenye kiti chake, hakuinuka kwenda kuitafuta, na dakika kama tano hivi zilipita, na kila mtu mle ndani akaelewa kwamba karatasi haipo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana vumbi kwenye viatu.

Kisha afisa akamsogezea baba mkwe kalamu, aandike kwa mkono wake kama aliomba kustaafu au hakuomba. Baba mkwe akaanza na jina. Ha. Akapumua. Sin.

"Haji, nina watu wengi hapa."

"Nimefanya kazi hapa miaka thelathini na mitatu, bwana. Dakika mbili hutakufa."

Aliandika jina lake lote. Chini yake akaandika neno moja ambalo sikuwa nimemfundisha: *Sikuomba*. Rashwan ndiye aliyemfundisha, kumbe, kiwandani, kwa kidole kwenye vumbi la sukari.

Tulipotoka nilijikinga uso, naona aibu sasa, imechelewa kuja. Kenawi alipita karibu nami. "Mwanangu," alisema chini chini, "waliniambia nitakuwa wa kwanza kwenye orodha isipojaa. Nina watano nyumbani." Sikumchukia, nilishangaa. Nilimwona tu ni mtu mfupi.

Baba mkwe alinipita. Akarudi hatua mbili, akanishika sikio, akalivuta. Liliniuma kweli. Nimetembea nyumbani nimelishika kama hereni mpya.

Jumamosi, 2 Mei

Jibu limetoka. Orodha imefutwa, yote, hata wale watano wameruhusiwa kurudisha hela na kurudi kazini. Mishahara iliyozuiwa inalipwa. Mihuri imerudishwa, kila mtu mkononi mwake, na kamati mpya ya chama itachaguliwa. Kiwanda chenyewe hawajasema hakitauzwa. Wamesema suala linaangaliwa upya. "Waangalie," kasema Labib, "na sisi tunaangalia."

Lango limefunguliwa. Malori yamepanga foleni mpaka daraja la mfereji. Wapakiaji wanaimba.

Jumamosi, 16 Mei

Behewa la mwisho la miwa limeingia jana, limepambwa vitambaa na mitende. Chungu cha mwisho alikipika Rashwan. Walimpa barua ya kwa heri ileile ya kila mwaka, na mara hii imeandikwa *hakuna ahadi ya msimu ujao*. Mkurugenzi hajasahau barua iliyorudishwa. Rashwan kaikunja ikawa ndege, kairusha darini.

Nilidhani nitalia. Lakini sikilizeni, mimi nina mume nyumbani Mei, Juni, Julai. Atalima vitunguu kwa binamu, atauza asali nyeusi sokoni, atanitazama mchana kutwa wala hatafunika macho. Desemba ikija wakimwita, sawa. Wasipomwita, wanaume elfu wameshajua njia ya kwenda langoni, na wanawake tunajua njia ya ofisini.

Leo asubuhi alikuwa bado amelala, mdomo wazi, mzuri vibaya sana. Nilishuka kuwasha moto. Wafanyakazi wa kudumu hubaki kiangazi kufungua mashine na kuzitengeneza. Baba mkwe alikuwa uani anafunga viatu, vyote viwili, analalamika kwamba rola ya tatu imelika upande na kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutia grisi. Mama mkwe akamwambia aache kelele, watu wamelala. Akachukua mkate wake, akavaa kofia.

Amebakiza miaka mitatu kasoro. Akafungua mlango, akaenda kazini.